Kahawa Ambayo Baba Hakuionja

Mdogo wangu Emanueli alinialika kwake Kasulu mjini msiba wa Baba ulipotulia, akasema ana kitu cha kunionyesha. Kabla sijavua viatu mlangoni niliijua ile harufu. Ilikuwa kahawa, lakini si kahawa ya birika wanayokunywa wafanyabiashara karibu na msikiti, ya vikombe vidogo na maneno mengi. Hii ilikuwa nzito, imeungua kidogo, na ndani yake mna harufu ya shaba iliyopashwa moto. Mtu mzima mimi, mama wa watoto, nikasimama kizingitini nikitamani kurudi stendi.

Ilikuwa juu ya kabati, chini ya taa yake peke yake. Mashine ya kahawa ya Baba, ya Kiitaliano, ile ndogo ya kutumia nyumbani: tangi la shaba lenye umbo la kengele, mabomba ya njano, mkono mrefu wenye mpini wa mti mweusi, na juu kabisa tai amekunjua mabawa. Emanueli alikuwa ameipeleka kwa fundi Dar es Salaam na kuagiza mipira ya ndani kutoka hukohuko ilikotengenezwa. Naambiwa siku hizi ni fahari. Watu wenye nyumba nzuri wanazitafuta hizi za mkono, zile za kubonyeza kitufe hawazitaki, eti hazina roho.

"Dada, huu ni urithi," Emanueli aliniambia. "Waitaliano walianza na mashine za baa, za mvuke, ndefu kumzidi mtu. Baada ya vita ndipo wakaleta mkono na springi, kahawa ikaanza kutoka na povu. Halafu wakazipunguza, mtu wa kawaida akawa na baa yake jikoni."

Ningeweza kummalizia sentensi. Yalikuwa maneno ya Baba, neno kwa neno, na hata kidole alikinyanyua palepale Baba alipokuwa akikinyanyua. Akaniomba niandike kumbukumbu fupi ya utoto wetu na mashine ile, aiweke kwenye ukurasa wake mtandaoni, watu waone kwamba hata huku kwetu milimani ustaarabu ulifika mapema. Wakati mambo haya yanatokea yeye alikuwa mgongoni kwa Mama, hakumbuki chochote. Basi nimeandika. Sidhani kama ataiweka.

Tulikaa pembezoni mwa mji, njia ya kwenda Heru Juu, nyumba ya tofali za kuchoma yenye bati ambalo Baba hakuwahi kulimaliza upande wa jikoni. Alikuwa dereva wa Injinia Renato, Mwitaliano aliyeletwa kurekebisha maji ya kambi ya Nyarugusu. Renato alikuwa mtu mpole, sina ugomvi naye. Mkataba wake ulipokwisha aliwaita wafanyakazi wake nyumbani, akawaambia kila mmoja achague kitu kimoja. Mpishi alichagua friji. Mlinzi alichagua baiskeli, na watoto wake wakapelekwa nayo shule miaka yote. Baba alichagua mashine ya kahawa. Kwa kuwa Renato alijua nyumba yetu haina umeme, alimwongezea na jenereta ndogo ya kuiendeshea.

Mama alidhani sasa tutapata taa. Alinunua kabisa na soketi. Baba akamwambia ile jenereta si ya taa, ni ya mashine, na mzigo wa taa utaichosha. Kwa hiyo tuliendelea kusoma kwa kibatari, na kila Jumapili baada ya ibada jenereta ilinguruma uani mpaka kuku wakakimbilia kwa jirani, ili Baba apate kahawa ya mafunda mawili.

"Nyumba haina hata choo cha maana," Mama aliwaambia wanawake kisimani, "lakini sebuleni nina Mwitaliano."

Ilikuwa ibada ya pili ya siku ile. Baba alivaa shati jeupe. Alijaza maji kwenye tangi, akakaa anaitazama geji mpaka mshale upande. Kahawa ya kusagwa ya kopo aliipima kwa kijiko, akaishindilia kwenye kikombe cha chuma chenye mpini, akakikaza chini ya tangi. Kisha alishika ule mkono mrefu, akaushusha taratibu, akauachia, nao ukapanda wenyewe kwa nguvu ya springi huku kahawa ikichuruzika nyembamba, nyeusi, na juu yake povu la rangi ya asali. Povu lile alilionyesha kila aliyekuwepo. Lisipotokea, siku yetu iliharibika.

Na kichekesho ni kwamba kahawa tulikuwa nayo. Babu yetu mzaa Mama alikuwa na shamba la kahawa mlimani, kama wazee wengi wa kule. Waliivuna, wakaianika, wakaiuza ikaenda zake, na hakuna hata mmoja wao aliyeijua ladha yake, maana nyumbani walikunywa uji na pombe ya ndizi. Kopo la kwanza, alilotuachia Renato, lilipokwisha, Mama alikaanga kahawa ya Babu chunguni na kuitwanga kwenye kinu. Ikaziba mashine. Baba alikasirika hadi jasho likamtoka, akasema kahawa ya kwetu haina adabu. Kahawa ya Babu, iliyovuka maji na kurudi kwenye kopo lenye picha ya mwanamke wa Kizungu, hiyo alikuwa akiiinamia. Nilikuwa mdogo, lakini nilimwona Mama alivyomtazama.

Mimi nilimchukia tai. Niliamini yeye ndiye anayeitengeneza ile kahawa, na kwamba mlio wa mvuke ndiyo pumzi yake. Siku moja nililamba kikombe Baba alichokiacha, ulimi ukakauka kwa uchungu, nikajua bila shaka yoyote kwamba tai anatema. Nilimwambia Bibi, mama yake Baba, aliyekuwa akikaa nasi. Hakunicheka. Alifanya ishara ya msalaba, akasema nisikae nikitazamana naye.

Lakini si mashine ninayoikumbuka kuliko yote. Ninamkumbuka Shangazi Leokadia.

Alikuwa mdogo wake Baba wa mwisho, naye alikaa nasi. Ndiye aliyenisuka, ndiye aliyenishonea sare, ndiye aliyeniambia mambo ambayo Mama aliyaonea haya. Wenzake wote walikuwa wameolewa. Yeye alikuwa amechagua mno, walisema, na wengine walisema mengine. Kisha akaja Festo, muuguzi wa kambini, kijana mrefu mwenye sauti ya chini, kwao Murungu kule Kibondo. Shangazi aliacha kutembea akaanza kuruka. Aliimba anapofagia, na mimi nikadhani ndoa ni kitu cha kuimba tu. Sikujua kwamba umri wake ulikuwa umefika pale ambapo posa ikirudi, haiji nyingine.

Kwetu kuna jambo moja ambalo hata mtoto analijua. Kinywaji hakimfikii mgeni kabla mwenyeji hajakionja. Iwe pombe, iwe togwa, iwe maji ya mtungi, mwenye nyumba anapiga funda mbele ya macho ya wote, kisha anampa mgeni chombo kilekile. Hakuna anayesema kwa nini. Kila mtu anajua kwa nini. Tumeishi na hofu ya sumu tangu enzi za mababu, na funda lile moja ndilo linalosema: nilichokunywa mimi ndicho unachokunywa wewe, tukifa tufe wote.

Wazee wa Murungu walikuja na gari ndogo ya kukodi, wameongozwa na Mzee Kagoma, baba mkubwa wa Festo, mzee mkavu aliyevaa koti la sufu kwenye jua. Bibi alikuwa ametengeneza pombe ya ndizi, ameichuja yeye mwenyewe, chungu kimefunikwa majani kipo kwenye kona. Shangazi alikuwa chumbani na Mama, na mimi nilikuwa ninatumwa kuchungulia na kurudi na habari.

Nilichungulia nikaona Baba amesimama mbele ya mashine na shati lake jeupe. Jenereta ilikuwa imewashwa, wageni wanapaaza sauti ili wasikizane. Baba aliwapa ile hotuba yote, mashine za baa na vita na springi. Wazee waliitikia "Ego, ego," kwa heshima, macho yao kwa tai. Akashusha mkono. Kahawa ikachuruzika, mvuke ukapiga yowe, mzee mmoja akaegemea nyuma. Baba akachukua kile kikombe kimoja, maana mashine ile hutoa kimoja kimoja, akakiweka mkononi mwa Mzee Kagoma.

Mzee Kagoma alikishika kikombe bila kukiinua. Alikuwa anasubiri. Wote walikuwa wanasubiri.

"Mwanangu, banza wewe," Bibi alisema kwa sauti ndogo. Anza wewe.

"Mama, hii haionjwi," Baba akamjibu. "Kikombe chake ni cha mtu mmoja. Ukikionja umekimaliza. Injinia mwenyewe alinifundisha, ukigusa kikombe cha mgeni umemtukana." Kisha akamgeukia mzee, akicheka. "Kunywa, Mzee, inywe upesi. Ikipoa imekufa."

Ninajua wenye mashine hizi wataniambia kwamba huo ndio utaratibu wa Waitaliano, na labda ni kweli. Huko kwao ni kweli. Lakini Baba hakuzaliwa huko. Alizaliwa na yule mama aliyekaa mkekani na mikono yake imekufa mapajani, na alijua maana ya kile alichokuwa anakataa kama alivyolijua jina lake. Alichagua. Sitaki mtu aniambie alisahau.

Mzee Kagoma aliwatazama wenzake. Kukirudisha kikombe ni kuvunja mazungumzo, na nadhani alimwonea Festo huruma. Akanywa yote kwa mkupuo. Uso ulimkunjamana, shingo ikamtoka mishipa, akakiweka kikombe chini polepole. Kwetu uchungu wa namna ile una jina lake, na halisemwi mbele za watu. Bibi alinyanyuka haraka, akafunua chungu cha pombe, akachota, akanywa yeye kwanza funda kubwa hadi likamchuruzika kidevuni, akawapelekea. Mzee Kagoma akakifunika chombo kwa kiganja. Wenzake wakafanya vivyo hivyo.

"Yemwe, jamani, mvua inakuja," alisema. "Tuwahi."

Hapakuwa na wingu.

Njiani moyo wake ulianza kwenda mbio, mikono ikatetemeka, na akalala macho wazi mpaka asubuhi. Leo kila mtu anayekunywa kahawa nzito kwa mara ya kwanza akiwa na njaa ataniambia hayo ni mambo ya kawaida. Yeye hakujua, na nani angemwambia? Habari ilifika Kasulu kabla ya jioni ya siku iliyofuata, maana simu zilishaingia. Walisema Murungu kwamba mzee kapewa kitu. Walisema nyumba ile ina chuma chenye ndege kinachopiga kelele na kutoa maji meusi. Akutukanaye hakuchagulii tusi. Sokoni walianza kutupisha njia, na Mama akipeleka ndizi zake zilirudi.

Mimi peke yangu sikushangaa. Nilijua tangu mwanzo kwamba tai anatema, na niliona ajabu kwamba wakubwa wanalia badala ya kuchukua shoka.

Siku chache baadaye Festo alipiga simu. Shangazi aliisikilizia nyuma ya nyumba, mgongo ukutani, mimi nikiwa miguuni pake. Mzee Kagoma alikuwa amepona na alikuwa ametoa neno: mwenye nyumba aje Murungu, anywe kwanza mbele ya ukoo, ampe naye anywe, yaishe. Asipokuja kabla maharage hayajamalizika kuvunwa, ukoo utamtafutia Festo msichana mwingine. Shangazi alimshukuru, akafuta uso kwa kanga, akaenda kumweleza Baba. Alipiga magoti kabisa. Nilikuwa mlangoni.

"Mimi niende kunyweshwa mbele ya watu kama mwizi wa mbuzi?" Baba alisema. "Waambie wasome. Dunia nzima inakunywa kahawa hii, mawaziri wanainywa, halafu mshamba mmoja wa Murungu anasema sumu."

"Kaka, si kwa ajili yao. Ni kwa ajili yangu."

"Nikienda nimekubali kwamba kulikuwa na kitu. Sitaidhalilisha mashine ya watu."

Mashine ya watu. Dada yake amepiga magoti sakafuni, na yeye anailindia heshima shaba. Nimewasamehe watu wengi maishani, wengine waliniumiza kuliko Baba. Neno lile sijalisamehe na sioni sababu ya kulisamehe.

Baba aliposafiri kikazi kwenda Kigoma, Shangazi alilifungua kabati. Aliifunga mashine kwa vitenge viwili, kikombe cha chuma akakitia kwenye mkoba pamoja na kahawa iliyobaki, akanishika mkono, kwa sababu mwanamke hawezi kwenda ukweni peke yake. Mama alimsaidia kufunga fundo. Bibi alitupa maji ya njiani na hakuuliza kitu.

Hapo ndipo nilipoelewa, au nilidhani nimeelewa. Tunampeleka tai akahukumiwe. Watu wa Murungu watakaa kwa duara, watasoma makosa yake, kisha mzee mwenye nguvu atapiga kwa nyundo, na Shangazi ataolewa. Nilifurahi njia nzima. Tulipanda lori la mfanyabiashara mmoja wa Kasulu aliyekuwa anafuata maharage Kibondo, tukakaa juu ya magunia matupu, mashine katikati yetu. Kila lori liliporuka shimoni niliikanyaga kwa kisigino, na Shangazi, aliyekuwa akiona, hakunikataza. Kutoka Kibondo tulichukua bodaboda, mimi katikati, Shangazi nyuma na mzigo mapajani.

Festo alikuwa ameazima jenereta ya kanisa. Ua ulikuwa umejaa maharage yaliyoanikwa, wanawake wanapiga maganda kwa fimbo, na rundo lililokuwa bado halijapigwa lilikuwa limebaki dogo. Shangazi aliliona, nami nikamwona anavyoliona. Walituwekea meza ya mbao chini ya upenu. Alifungua vitenge, watoto wakamcheka ndege wa dhahabu. Alijaza maji, akasubiri mshale, akashindilia kahawa, akashusha mkono. Povu lilitoka zuri kuliko Baba alivyowahi kulitoa. Mimi nilikuwa natafuta kwa macho mwenye nyundo.

Shangazi alichukua kikombe, akakiinua mbele ya wote, akakipeleka mdomoni.

"Subiri, binti," Mzee Kagoma alisema.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda na koti lake lilelile. Sauti yake haikuwa na ukali wowote, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mkono ulionipa kikombe si huo. Hata ukinywa pipa zima, utakuwa umekunywa wewe tu. Kaka yako yuko wapi?"

"Yuko kazini, Mzee. Amenituma."

"Oya, hapana. Hakukutuma." Akapunguza sauti, kama anazungumza na mtoto wake. "Sikuchukii. Hata yeye simchukii, moyo wangu umetulia, wauguzi wamenipima. Festo amenieleza habari za hiyo kahawa na nimemwamini. Lakini mtu akikataa kuonja mbele yangu, binti yangu wa kesho nitamlisha nini nyumbani kwangu, nikienda kwao nitakula nini? Rudi na kitu chako hiki, hatukihitaji. Mwambie aje mikono mitupu. Maji tutamchotea hapahapa. Apige funda moja, anipe. Maji tu."

"Maji tu," Shangazi alirudia.

"Maji tu. Maharage haya tutayamaliza Jumamosi."

Hawakumpiga tai. Hawakumgusa hata kidogo, na nililia kwa hasira wakadhani nina njaa, wakanipa kiazi. Ilinichukua miaka kuona kwamba siku ile kweli kulikuwa na hukumu, na kwamba wale watu tuliowaita washamba walikuwa wametoa iliyo nyepesi kuliko zote. Mlango waliuacha wazi. Walichotaka ni binadamu mmoja ashuke kwenye gari na kunywa maji.

Shangazi alirudi akiwa na furaha. Nataka hilo lijulikane. Alinibana kifuani kwenye bodaboda, akasema sikioni kwangu, "Maji tu, Yusta! Nani atashindwa maji?" Alikuwa akicheka. Karibu na Kibondo mjini bodaboda iliteleza kwenye tope, tukaanguka wote upande, mzigo chini. Aliniinua mimi kwanza, akanipangusa magoti, akaangalia kichwa changu chote ndipo akaokota mashine bila hata kuifungua vitenge.

Leo Shangazi yuko Heru Juu, kwenye kipande cha shamba alichoachiwa na Bibi. Analima maharage na mihogo, ana cherehani, anashonea shule nzima ya pale. Festo alioa Kibondo, ana watoto wakubwa. Hakuja mwingine kwa Shangazi, kama ilivyojulikana kwamba hatakuja. Nimewahi kumuuliza kama ana uchungu, akaniambia nishike kitambaa vizuri, mshono unapinda.

Siku ile, Baba alikuwa amerudi mapema kutoka Kigoma. Tulimkuta barabarani nje ya nyumba, hana viatu, majirani wamemzunguka. Alikuwa amekuta kabati tupu akadhani tumeibiwa. Alipotuona alikuja mbio. Shangazi alisimama akiwa na tope mpaka kiunoni, kiwiko kinavuja damu, na uso wake wote unang'aa kwa habari aliyoibeba.

"Kaka," alianza, "wamekubali! Mzee amesema hata mashine hawaitaki. Uende tu mikono mitupu, unywe maji, basi. Maji, Kaka. Jumamosi haijafika."

Baba alimpokonya mzigo. Akapiga magoti palepale vumbini, akafungua kitenge cha kwanza, akafungua cha pili. Kioo cha geji kilikuwa kimepasuka na mkono ulikuwa umeinama kidogo upande mmoja. Aliupapasa kutoka juu hadi chini, taratibu, kama mtu anayetafuta mfupa uliovunjika kwa mtoto.

"Mmeilaza," alisema. "Hii hailazwi. Nani aliwaambia muilaze?"

"Kaka, umenisikia?"

Mama alikuwa ametoka na Emanueli mgongoni, Bibi nyuma yake, na wote tulikuwa tunamtazama mtu mmoja aliyepiga magoti.

"Kaka," Shangazi alisema tena, na furaha ilikuwa bado haijamwisha usoni, ilikuwa imesimama tu, "wewe umeshaoa. Mimi bado."

Hapo Baba aliinua uso. Aliutazama mdomo wake, kiwiko chake, tope lile lote, na nilipumua nikijua sasa amemwona, sasa atasema twende.

"Yusta," akaniambia mimi, "niletee bisibisi. Ile ndogo."